Swali la Kijana wa Magamba

Juu ya mji wa Lushoto, katika milima ya Usambara, ipo shule ya sekondari iitwayo Magamba. Wengi wetu tukaao huku chini, Muheza, Pangani na Tanga, twaijua milima ile kwa baridi yake na kwa mboga ziteremkazo sokoni. Lakini wako wataalamu huko Japani, Italia na Austria ambao, wakiandika juu ya vitu vidogo kabisa vya ulimwengu, hutaja jina la kijana mmoja aliyesoma pale. Napenda kuwaeleza ndugu wasomaji jinsi swali la kijana huyo lilivyosafiri kutoka katika jokofu la shule hata likafika kwenye elektroni, maana naona mna neno ndani yake kwa sisi tufundishao, na kwenu ninyi mlio na watoto.

Mwaka 1963, nchi yetu ilipokuwa ikiitwa Tanganyika, Erasto Mpemba alikuwa katika kidato cha tatu. Wanafunzi wa Magamba walikuwa na desturi ya kutengeneza aiskrimu: huchemsha maziwa, hutia sukari, huyaacha yapoe, ndipo huyaweka katika jokofu yagande. Nafasi ya jokofu ilikuwa haba, na watoto walikuwa wengi. Siku moja mwenzake mmoja, kwa kuogopa kukosa nafasi, alichanganya maziwa na sukari bila kuyachemsha, akayatia mara moja. Mpemba alikuwa amekwisha kuyachemsha ya kwake. Akaona akingoja yapoe atakosa mahali, basi akayatia yangali ya moto. Baada ya saa moja na nusu wakarudi kutazama. Maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda. Ya mwenzake yalikuwa bado kama uji mzito. Akamwuliza mwalimu wake sababu, naye akajibiwa kwamba jambo hilo haliwezekani, bila shaka amechanganyikiwa.

Kijana alinyamaza, lakini hakusahau. Baadaye alikutana na rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu mjini Tanga, naye akamwambia kwamba hutia mchanganyiko ungali wa moto ili ugande upesi. Tazameni, ndugu: jambo lililosemwa darasani kuwa haliwezekani lilikuwa kazi ya kila siku ya wachuuzi wa mji wetu.

Alipofaulu mtihani alikwenda Mkwawa, Iringa, kuendelea na masomo. Huko akauliza tena. Mwalimu akasema kwa dhihaka kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba peke yake, na toka siku hiyo kila alipokosa hesabu alitaniwa kwa maneno ya namna hiyo. Hata siku moja akaja Dakta Denis Osborne, aliyefundisha fizikia katika chuo kikuu cha Dar es Salaam, kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akasimama akauliza lile lile, na wenzake wakacheka. Dakta Osborne hakuwa na jibu, wala hakuwa mwepesi wa kuamini, lakini aliahidi kujaribu. Aliporudi Dar es Salaam jaribio likafanywa, nalo likatokea kama kijana alivyosema. Mwaka 1969 wawili hao walitoa makala pamoja katika jarida la Uingereza la mafundisho ya fizikia, na tangu hapo jambo hilo huitwa kwa jina la Mpemba. Yeye mwenyewe alisoma katika chuo cha Mweka, karibu na Moshi, akatumika katika kazi ya wanyamapori.

Yapasa kusema kweli yote. Kwa habari ya maji, wataalamu hawajapatana hata leo. Wengine husema kwamba maji ya moto hupungua kwa mvuke, yakabaki machache ya kugandishwa. Wengine husema kwamba yakichemshwa hutokwa na hewa iliyomo ndani yake. Wengine tena husema kwamba joto huyafanya yazunguke chomboni, yakapoteza joto kwa upesi zaidi. Mwaka 2016 Burridge na Linden wa Uingereza walipima kwa uangalifu wakasema hawakuona ushahidi wa kutosha, na kwamba kipimajoto kikisogezwa juu au chini kidogo tu chaweza kumdanganya mpimaji. Mtu angedhani kwamba hapo ndipo mwisho wa habari. Kumbe swali lilikuwa limekwisha kupata njia nyingine.

Ili tuifuate njia hiyo, hatuna budi kushuka katika vitu vidogo. Kila kitu tukigusacho kimefanyika kwa atomu, na ndani ya atomu mna elektroni. Ndizo zipitazo katika waya tuwashapo taa. Mwaka 1922 Wajerumani wawili, Stern na Gerlach, walipitisha atomu za fedha katikati ya sumaku, wakaona mkondo wake ukigawanyika mafungu mawili, si zaidi. Mwaka 1925 vijana wawili wa Uholanzi, Uhlenbeck na Goudsmit, walishauri kwamba kila elektroni ina tabia iitwayo spini, ambayo huifanya iwe kama sumaku ndogo mno. Mtoto achezaye pia aweza kuifananisha na pia yake izungukapo, lakini mfano huo una kikomo. Pia yaweza kuzunguka upesi au polepole, yaweza kuinama huku na huku. Bali spini ya elektroni ikipimwa hutoa jibu moja kati ya mawili tu, juu au chini. Elektroni nyingi ndani ya chuma zikielekea upande mmoja, chuma huwa sumaku. Ile sindano ya dira imwongozayo nahodha avukaye kutoka Tanga kwenda Pemba hupata nguvu yake katika makubaliano ya spini hizo.

Tena kuna vitu ambavyo havipitishi umeme vizuri kama shaba, wala haviuzuii kabisa kama kioo. Silikoni, ambayo hutolewa katika mchanga, ni kimoja. Nayo imo katika kila simu ya mkononi. Katika vitu vya namna hii wataalamu wamejua kufanya mahali padogo mno pa kuifungia elektroni, paitwapo nukta ya kwanta. Upana wake huweza kuwa makumi machache ya nanomita, na nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Ifikirini nukta hiyo kama chumba cha wageni chenye kitanda kimoja. Chaweza kuwa kitupu. Chaweza kulaza elektroni moja yenye spini ya juu, au moja yenye spini ya chini. Chaweza kulaza mbili, lakini mbili hizo sharti spini zao zipingane, na hata hivyo hulala kwa kusukumana, maana zote zina umeme wa namna moja. Hali zake ni hizo nne.

Mwaka 2023 wataalamu watatu, Chatterjee, Takada na Hayakawa, waliokuwa wakifanya kazi Japani, walilichukua swali la Mpemba wakaliuliza juu ya chumba hicho. Walifikiri nukta mbili zilizo sawa kwa kila jambo, ila moja imeanza ikiwa na moto kuliko ya pili. Hesabu zao zilionyesha kwamba, zikianza katika hali zifaazo, ile ya moto huipita ile ya baridi njiani, ikawa baridi kuliko mwenzake. Hiyo ilikuwa hesabu, si jaribio la mikono. Lakini mwaka 2024, huko Innsbruck katika Austria, wataalamu wengine walipanga atomu 12 zenye umeme katika safu, kila moja ikitumika kama spini moja, wakapima. Wakaona kwamba safu ambayo ulinganifu wake umevurugwa zaidi iliweza kuurudia ulinganifu mapema kuliko ile iliyovurugwa kidogo.

Yawezekanaje aliye mbali afike kwanza? Sisi watu wa pwani tusilione jambo hili kuwa la ajabu mno. Jahazi moja liko karibu na bandari ya Tanga, lakini limekwama juu ya fungu wakati wa maji kupwa. Halina la kufanya ila kungoja maji yajae. Jingine latoka kusini, nalo liko mbali zaidi, lakini limo katika maji ya kina, na upepo wa kusi umelijaza tanga lake. Hili la mbali ndilo litakaloingia kwanza. Ndivyo ilivyo katika nukta ile. Zipo njia kadhaa za kurudia utulivu, nyingine za upesi, nyingine za polepole sana. Kilicho karibu na utulivu chaweza kuwa kimenaswa katika njia ya polepole. Na kilicho mbali chaweza kuwa kimeanza mahali ambapo njia hiyo haikigusi. Kuujua umbali peke yake hakutoshi. Lazima kujua na mahali pa kuanzia.

Wala msidhani kwamba haya ni mchezo wa wenye elimu. Mwaka 1998 Loss na DiVincenzo walishauri kwamba spini ya elektroni moja katika nukta ya namna hii itumike kama tarakimu ya mashine mpya za kuhesabu. Tarakimu hiyo huvurugwa na joto dogo tu, na kwa hiyo vyombo vyake huwekwa katika baridi ipitayo barafu yote ya Kilimanjaro mara nyingi. Kabla ya hesabu kuanza, sharti spini itulizwe kwanza. Basi ajuaye njia ya upesi ya kuituliza amepata faida.

Shuleni kwetu hatuna nukta za kwanta, wala hatuna jokofu. Mwaka jana msichana mmoja wa darasa langu aliposikia habari za Mpemba aliomba tujaribu wenyewe. Mwalimu mwenzangu akasema tusipoteze saa, maana swali hilo halimo katika mtihani. Neno lake lina uzito: wazazi hujinyima mengi kwa ajili ya watoto, nao hutazamia matokeo. Walakini niliomba nafasi kwa mwuza samaki mwenye jokofu, tukaweka vikombe viwili vya bati vilivyo sawa, jioni sita mbalimbali. Mara tano maji ya baridi yaliganda kwanza, mara moja ya moto. Watoto wakataka tuandike ile mara moja tu, kwa kuwa ndiyo iliyowapendeza. Nikawaambia kwamba tutaandika zote sita. Waliguna, kisha wakaandika. Naona siku hiyo walijifunza jambo ambalo mtihani hauliulizi, yaani kwamba atazamaye hana ruhusa ya kuficha lisilompendeza.

Bwana wetu hakumfukuza Tomaso alipotaka kuona na kugusa, alimwita karibu. Mwalimu Mkristo amchekaye mtoto kwa swali lake, je, afuata mfano wa nani? Najua kwamba maswali mengi ya watoto yatakwisha palepale kwa jibu dogo. Lakini lile la Magamba nalo lilionekana dogo, na laiti Mpemba angalinyamaza kwa kuona haya, au Dakta Osborne angalicheka pamoja na darasa, lingalikufa pale Iringa.

Basi nawasihi walimu wenzangu: wekeni darasani daftari moja la maswali ambayo bado hatujaweza kuyajibu, na kila moja liandikwe pamoja na jina la aliyeuliza. Nanyi wazazi, mtoto akileta nyumbani jambo aliloliona kwa macho yake likapingana na kitabu, msimwambie anyamaze. Mwambieni akalitazame tena, aandike alivyoona, ndipo alilete shuleni.