Mimi Mmoja Nitaongeza Nini? Tafakuri juu ya 61,741,120

Usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022 nililala Maposeni, Songea, nyumbani kwa bibi yangu. Sensa ya Watu na Makazi ilikusudia kumhesabu kila mtu mahali alipolala usiku huo. Karani alipofika na kishikwambi chake, bibi alijibu maswali yote, kisha akanigeukia: “Mjukuu wangu, mimi mmoja nitaongeza nini katika nchi nzima?” Nikamjibu kwamba haba na haba hujaza kibaba. Akacheka: “Kibaba kimekwisha kujaa.” Mimi mwalimu wa hisabati nikanyamaza.

Matokeo yalitangazwa Dodoma tarehe 31 Oktoba: watu 61,741,120, yaani 59,851,347 Tanzania Bara na 1,889,773 Zanzibar. Bibi alikuwa amekwisha kuzikwa.

Nilichukua kalamu, nikaipukuchua namba ile kama tupukuchuavyo mahindi kwetu. Ni shufwa; hugawanyika kwa 2 mara sita, kisha hubaki 5, 7, 43 na 641, zote namba tasa. Kwa hiyo ni 64 × 5 × 7 × 43 × 641. Hiyo 641 ina sifa ya pekee. Fermat alidhani kuwa 4,294,967,297 ni namba tasa. Mwaka 1732 Euler akaonyesha kuwa 641 huigawanya bila baki. Ilhali 4,294,967,296, iliyopungua moja tu, haina kigawo kilicho tasa ila 2.

Ndipo nikamwondoa bibi katika hesabu. 61,741,119 ni witiri. Jumla ya tarakimu zake ni 30, hivyo 3 huigawanya. Lakini 2, 5, 7, 43 na 641 zimetoweka zote. Wala si sadfa. Kigawo cha namba mbili hakina budi kuigawanya pia tofauti yao. Na tofauti ya namba zifuatanazo ni 1. Kwa hiyo hazina kigawo cha shirika ila 1. Kuondoka kwa mmoja hakuipunguzi namba tu; huibadilishia ukoo mzima.

Lugha yetu nayo yashuhudia. Husomwa milioni sitini na moja, laki saba, elfu arobaini na moja, mia moja na ishirini. Milioni imetoka Ulaya, laki Uhindi. Elfu, mia, sitini, saba, arobaini na ishirini zimetoka Uarabuni. Kati ya majina hayo ya namba, la Kibantu ni moja tu, nalo ni “moja”.

Msomaji aweza kupinga kwamba mtu yeyote angeweza kuwa huyo mmoja. Ni kweli, na hilo ndilo jibu ambalo sikumpa bibi. Idadi ya Watanzania leo ni nyingine. Ile ya usiku ule ni ileile, na bibi yumo.