Albamu, Diwani na Kibanda cha Kaka Yangu

Waswahili husema kwamba mficha uchi hazai. Nami, mpenzi msomaji, kwa kuwa jarida hili husomwa na wenzangu ninaoketi nao darasani, na walimu wetu waliokuwapo siku ile nilipofedheheka, naona ni heri niyaseme mwenyewe kuliko kuyasikia yakinong'onwa nje ya ukumbi wa semina. Makala haya yanahusu albamu nizipendazo. Yanahusu pia namna nilivyozipata, na hapo ndipo penye uzito.

Albamu ninazozikusudia ni zile ambazo napenda kuziita albamu huru. Hutengenezwa na wasanii wasiomilikiwa na kampuni kubwa za kurekodi, wanaojigharimia wenyewe au kushikwa mkono na kampuni ndogo, na kwa hiyo wasioamriwa na mtu wimbo uwe wa dakika ngapi wala uimbwe kwa lugha gani. Neno "huru" nimelichagua kwa makusudi. Sisi wanafunzi wa fasihi tunalijua kutokana na mgogoro wa ushairi huru, pale Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka 1974, na wanaarudhi wakauliza iwapo utungo usio na vina wala mizani ni shairi kweli. Mgogoro huo sasa umezeeka. Alamin Mazrui ametupa Chembe cha Moyo (1988), Kithaka wa Mberia ametupa Mchezo wa Karata (1997), na leo hakuna mwanafunzi anayetokwa na jasho kwa ajili ya vina isipokuwa siku ya mtihani. Katika muziki, hata hivyo, swali lingali bichi: msanii huru yuko huru kutokana na nani, na ni nani anayeulipia uhuru wake?

Kaka yangu, aliyenitangulia kuzaliwa kwa miaka 11, alikuwa na kibanda karibu na kituo cha matatu mjini Nakuru. Kilikuwa kibanda cha mabati, upana wake ukitoshana na mikono ya mtu mzima iliyonyooshwa. Ndani mlikuwa na kompyuta moja iliyovuliwa ubavu ili isipate joto, spika mbili, na rafu za diski zilizotiwa katika mifuko ya nailoni. Alikuwa akinunua diski moja halali, au kuiazima tu, kisha akaitolea nakala kadiri wateja walivyotaka. Kila nakala aliiuza kwa shilingi 50. Jina la albamu aliliandika kwa kalamu ya wino mzito, kwa mwandiko wake wenye herufi zilizoinamia kushoto kama miti iliyozoea upepo. Mama yetu alikuwa akiuza mboga. Baba alikuwa amekwisha kufariki. Nilipoitwa kujiunga na kidato cha kwanza mwaka 2011, karo yangu ilitoka katika mifuko ile ya nailoni.

Ni kwa mwandiko huo nilipoijua Kilio cha Haki. Albamu hiyo ya mwaka 2004 iliwakusanya wafokaji wa Eastlands, Nairobi, chini ya Ukoo Flani Mau Mau, muungano uliowaleta pamoja vijana wa Mombasa na wa Dandora. Kalamashaka, waliokuwa wamekwisha kuonyesha katika miaka ya 1990 kwamba muziki wa kufokafoka unaweza kubebwa na Kiswahili na Sheng bila kuomba radhi, walikuwa miongoni mwa nguzo zake. Haikutoka kwa kampuni kubwa. Msaada ulitoka kwa shirika dogo la Uholanzi, na sauti zote zilikuwa za mitaa yenyewe. Nilikuwa na miaka 12 nilipoisikiliza mara ya kwanza, nimeketi juu ya kreti ya soda nyuma ya kibanda, na nusu ya Sheng yake ilinipita kwa sababu Sheng ya Dandora si ya Nakuru. Nilichokielewa ni kwamba nyimbo zile zilikuwa zikizungumza zenyewe kwa zenyewe. Mmoja ulitangulia kwa upole, wa pili ukauliza, wa tatu ukapandisha hasira, kisha pakaja wimbo mtulivu kama mtu aliyekatizwa kauli na mgeni mlangoni. Sikuwa nimewahi kusoma diwani. Nilipokuja kusoma Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, mashairi aliyoyatunga akiwa gerezani kati ya mwaka 1969 na 1972, nilikuta nimekwisha kujifunza namna ya kuisoma: kungojea shairi linalofuata limjibu lililotangulia.

Albamu ya pili iliyoniteka ilikuwa 82 ya Just A Band, kundi la vijana waliokutana wakiwa wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Ya kwanza waliitoa mwaka 2008 na kuiita Scratch to Reveal. 82 ilifuata mwaka 2009, na Sorry for the Delay mwaka 2012. Wao walijifanyia karibu kila kitu, muziki na picha na filamu za nyimbo zao. Wengi wanawakumbuka kwa video ya "Ha-He" ya mwaka 2010 na shujaa wake Makmende, jina ambalo wanaisimu wanapaswa kulienzi. Ni sentensi nzima ya mwigizaji wa filamu ya Kimarekani iliyotafunwa na watoto wa mitaa ya Nairobi hadi ikawa nomino ya Sheng. Mimi lakini nilipenda zaidi wimbo uitwao "Usinibore". Mtazame msomaji kitenzi hicho: kiambishi cha nafsi, cha kukanusha, cha mtendwa, vyote vya Kiswahili safi, kisha mzizi wa Kiingereza ambao kwa bahati tu unaandikwa na "e" mwishoni, ile ile tunayoidai katika dhamira tegemezi. Nimewahi kuutolea mfano huo darasani na nikacheka peke yangu.

Basi nilipoandika pendekezo langu la utafiti wa uzamili, nilidai kwamba albamu huru ni diwani inayosikizwa. Nilidai kwamba mpangilio wa nyimbo ni sehemu ya fani yake, na kwamba anayeuchomoa wimbo mmoja na kuuhakiki peke yake anafanya sawa na anayeng'oa ubeti mmoja katika utenzi. Kurasa 14 zilichambua mpangilio wa Kilio cha Haki. Nilionyesha kwa nini wimbo wa kwanza ndio mlango, kwa nini wa tatu ni wa hasira, na kwa nini ule mtulivu unakuja pale unapokuja. Nilichora hata jedwali. Nilijiona nimefika.

Siku ya semina, mwalimu mmoja, mtu mpole asiyependa kumwaibisha mtu, aliniuliza: "Matini yako umeipata wapi?" Nikamjibu kwamba ninayo diski. Akasema anayo pia, aliinunua ilipotoka. Alikuwa ameifuatilia hoja yangu kwa hamu, ila kuna jambo halimkai sawa. Wimbo niliouita mlango haukuwa wa kwanza katika diski yake. Wala huo wa tatu haukuwa wa tatu. Wala ule mtulivu haukuwapo pale nilipousifia kuwapo. Ukumbi ulinyamaza. Nilitoa diski yangu kwenye mkoba, nadhani kwa kutaka kumthibitishia, nayo ikaonekana na wote: bila jalada, ndani ya mfuko wa nailoni, na juu yake mwandiko ulioinamia kushoto.

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa nafuu wangecheka.

Kaka yangu sasa ni mlinzi huko Doha, alikokwenda mwaka 2016 baada ya flashi na simu kukimaliza kibanda. Nilimpigia usiku ule. Nilikuwa na hasira, kana kwamba yeye ndiye aliyeniandikia pendekezo. Nikamuuliza ni kwa nini alizivuruga nyimbo za watu.

"Sikuzivuruga, Profesa," akasema. Hilo ndilo jina alilonipa tangu nilipopata alama ya A katika Insha. "Nilizipanga. Wateja wangu walikuwa makanga. Diski ilikuwa ya gari, si ya nyumbani."

Kisha akanieleza, kwa utulivu ambao sikuutarajia, mpangilio wa albamu ambayo nilikuwa nimeihakiki kwa kurasa 14. Ilipangwa kwa safari ya kutoka Nakuru hadi Naivasha. Wimbo wa kwanza ulikuwa mpole kwa kuwa abiria hupanda wakiwa na wasiwasi wa nauli na mizigo, na ukiwapigia kelele watashuka. Wa pili ulikuwa wa kuwazoeza. Hasira ilianza gari likishaiacha Lanet na kupata kasi. Ule wimbo mtulivu niliouandikia aya tatu juu ya "kimya kama mbinu ya kifani" uliwekwa pale kwa sababu mahali hapo, kwa saa nyingi za siku, askari wa trafiki walikuwa wakisimamisha magari, na kanga hapendi kukutwa spika zikitikisa madirisha. Kuanzia Kikopey, abiria wakishachungulia nyama za kuchoma dirishani, mambo yalianza upya.

Nilikata simu nikakaa kitandani. Tunafundishwa kwamba utungo wa fasihi simulizi hukamilika katika utendaji, mbele ya hadhira, mahali na wakati fulani, na kwamba fanani hubadilisha anachosimulia kulingana na waliomzunguka. Nimelijibu swali hilo katika mitihani mara mbili na kupata alama nzuri. Wala sikuwa nimemtambua fanani aliyenilea. Kaka yangu hakumaliza shule ya upili. Diwani niliyojifunza kusoma kwayo aliihariri yeye.

Ningeweza kukomea hapo, na makala yangekuwa matamu. Lakini hilo ni nusu tu. Wasanii wale wa Eastlands hawakuwa na kampuni kubwa ya kuwakinga. Kampuni kubwa ikiibiwa nakala 1,000 hupunguza faida. Msanii huru akiibiwa nakala 1,000 hukosa kodi ya nyumba. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 ilikuwapo, na kaka alijua ipo, ndiyo maana diski alizificha chini ya meza kila alipoona mgeni aliyevaa viatu vilivyong'aa sana. Albamu inayodai haki ilinilipia karo kwa njia isiyokuwa ya haki. Nimejaribu mara nyingi kuiweka sentensi hiyo kwa namna isiyoumiza, na kila nikiigeuza inarudi palepale. Niko huru kuandika haya leo kwa kuwa watu wasionijua walinilipia bila kuombwa ruhusa.

Katika pendekezo jipya niliziondoa albamu zote. Ninaandika kuhusu diwani zilizochapishwa, zenye kurasa zilizotiwa nambari, na msimamizi wangu ameridhika. Kaka aliponiuliza kama "ile diski yetu" imo, nilimwambia bado naifikiria. Huo ni uongo wa pili katika habari hii, na ni wangu peke yangu.

Kusikiliza sijaacha, ila siku hizi nanunua. Siti and the Band wa Zanzibar niliwagundua kwa kuchelewa. Albamu yao Fusing the Roots ni ya mwaka 2018. Jina wamelipata kwa mwimbaji na mpiga udi wao, Siti Amina, lakini ni mwanafunzi gani wa Kiswahili atakayelisikia asimkumbuke Siti binti Saad, aliyerekodi santuri Bombay mwaka 1928 na kuandikiwa wasifu na Shaaban Robert? Taarabu yao ina miguu ya vijana. Rafiki mmoja alinisihi nisikilize pia Duma, wawili wa Nairobi waliotoa albamu yenye jina hilohilo mwaka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Mswahili akiliona jina atamfikiria mnyama, kumbe wenyewe wanakusudia giza, kwa Kikuyu. Ni mayowe na vishindo kutoka mwanzo hadi mwisho. Sikuipenda. Nimeisikiliza mara nne na bado siipendi, lakini nakiri kwamba baada ya kuisikiliza kelele za Thika Road huonekana kama zina mpangilio.

Iliyonikaa moyoni ni Maisha, ya mwaka 2024, ya The Zawose Queens: Pendo na Leah, binti na mjukuu wa Hukwe Zawose, yule bingwa wa zeze na marimba za Kigogo aliyefariki Bagamoyo mwaka 2003. Kwa miaka mingi wanawake wa ukoo huo waliitikia na kucheza nyuma ya wanaume. Sasa wao ndio wanaoongoza, na sauti zao hupandana kama watu wawili wanaotwanga katika kinu kimoja. Kigogo sikijui. Nimerudi kuwa mtoto wa miaka 12 juu ya kreti ya soda, nikingojea wimbo unaofuata uujibu uliotangulia.

Nililipia nakala mbili, moja yangu na moja ya kaka. Nikamwambia hii ni halali, aisikilize kama wenyewe walivyoipanga. Alinyamaza siku tatu. Siku ya nne, baada ya zamu yake ya usiku, alinitumia picha ya karatasi iliyochanwa kwenye daftari la kuandikia wageni getini. Juu yake, kwa herufi zilizoinamia kushoto, aliorodhesha nyimbo zote za albamu ile kwa mpangilio wake mwenyewe, na chini akaandika: "Nakuru hadi Naivasha, ila usiku."