Siku za Polepole

Ukija Kaptagat kutafuta siri ya mbio, utarudi Nairobi ukiwa umekasirika. Kilichoko hapa ni msitu, barabara ya vumbi jekundu, baridi ya asubuhi na watu wanaorudia jambo lile lile kila wiki. Ndiyo, tuko karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Lakini dunia ina vijiji vingi vya juu hivi ambavyo havijatoa hata bingwa mmoja.

Mdogo wangu ana miaka 22 na ni mkimbiaji. Hajashinda kitu. Nalisema mapema kwa sababu watu wakisikia Kaptagat wanarukia Eliud Kipchoge na Vienna, Oktoba 2019, saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Mimi napenda hadithi ya kabla ya hapo. Akiwa kijana huko Nandi, alimwendea Patrick Sang, aliyekuwa ameshinda fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji katika Olimpiki ya Barcelona 1992, akamwomba programu ya mazoezi. Sang akampa ya wiki mbili. Zilipoisha, akarudi kuomba nyingine. Kuomba ya kwanza, vijana wengi wangeweza. Kurudi ndiyo kazi.

Programu ya mdogo wangu iko kwenye daftari la shule. Jumanne ni kasi uwanjani. Alhamisi ni safari ndefu, kilomita 30, wiki nyingine 40. Siku nyingi zilizobaki ni za polepole, na manze, ni polepole kweli! Mimi mtu wa kukaa ofisini Eldoret humfuata kilomita mbili za kwanza tukipiga stori. Siku moja nikamuuliza mbona hajisukumi kila siku.

"Dada, mwili haukui ukikimbia. Unakua ukilala."

Kwa hivyo saa tatu usiku simu yake huzimwa na kuachwa jikoni. Kabla ya kulala anaandika alichofanya, hata kama ni aibu: *nimechoka, nimekatiza kilomita 22.* Kipchoge naye ameweka madaftari kama hayo tangu 2003, na kambini huosha vyoo zamu yake ikifika.

Tatizo ni kwamba daftari haliliwi. Mama aliuza ng'ombe ili anunue viatu, na sasa anauliza bila kuficha, "Mbio zako zitatulisha lini?" Mwaka jana jamaa fulani alimnong'onezea kuhusu sindano ya kumharakisha. Kwetu hilo si jambo la ajabu. Wakenya wengi wamefungiwa kwa sababu ya dawa. Alikataa. Nilitarajia anihubirie, lakini alisema tu, "Nikidungwa, hizi kurasa zote nimeandika za nini?"

Miaka miwili iliyopita kilomita 10 zilimchukua dakika 33. Leo ni 31. Kwingine hiyo ingekuwa sherehe. Kaptagat haikupi hata tiketi ya ndege. Mazoea mazuri hayaandiki mkataba na mtu: Agosti 2024 Kipchoge mwenyewe, na nidhamu yake yote, aliacha mbio za Olimpiki za Paris kabla ya kumaliza.

Mama na mdogo wangu wamekubaliana: hadi Desemba ya mwaka ujao. Asipopata meneja, ataenda chuo asomee kazi ya fundi wa stima. Majirani wataona ameshindwa. Mimi nimeona mtu anayeamka bila kuitwa, anayejiandikia ukweli, na anayeweza kwenda polepole wakati kila mtu anamtaka aharakishe. Nikiwa na nyumba ya kuwekwa waya, fundi wa aina hiyo ndiye ningemtafuta.

Kwa sasa bado anakimbia. Kesho ni Ijumaa, siku ya polepole, na nimemwambia anisubiri.