Mabomba Sita

Nilishika spana mara ya kwanza mwaka 1996, kwenye gereji iliyokuwa chini ya mwarobaini mjini Garissa. Kwetu ni Madogo, ng'ambo ya daraja, na kila alfajiri nilivuka Mto Tana kwa miguu. Fundi aliyenifunza sote tulimwita Abti, yaani mjomba kwa Kisomali, hata sisi tusio Wasomali. Mwaka uliofuata mvua za El Niño zilikata barabara ya Nairobi, spea zikaadimika, tukaanza kujitengenezea wenyewe vitu ambavyo zamani tulinunua. Hapo ndipo nilipoingia kwenye kazi ya ekzosi.

Gari la kwetu ni Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2, silinda 6. Manifoldi yake ya kiwandani hukusanya moshi wa silinda zote kwa njia fupi. Heda ndefu huipa kila silinda bomba lake, moshi utoke bila kubanana na wa jirani. Injini ile huwaka kwa mpango wa 1-4-2-6-3-5, kwa hiyo mabomba ya 1, 2 na 3 huungana, na ya 4, 5 na 6 vivyo hivyo. Ukiyachanganya, zile nafasi sawa kati ya mlipuko na mlipuko zimepotea, na chuma chako kimeharibika bure.

Kuchomelea mabomba si kazi ngumu. Kazi iko kwenye stadi za zamani, zile bolti zinazoshika manifoldi kwenye injini, zilizoungua na joto la miaka. Moja ilinikatikia mchana wa jua kali, mwenye gari amekaa kwenye jerikeni akisubiri kurudi Wajir.

"Abti, stadi imekatika."

"Uliitia mafuta jana?"

Nikanyamaza. Hakunigombeza. Alichukua nati, akaiweka juu ya kipande kilichobaki, akaichomelea kwa ndani, kisha akangoja wekundu uishe kabisa. Akaigeuza kidogo, akairudisha, akaigeuza tena. Mkono wake ulikwenda taratibu kama mtu anayefungua mlango wa chumba alimolala mtoto. Kipande kikatoka kizima. Tangu siku hiyo stadi zangu hulala na mafuta usiku kucha.

Heda yangu ya kwanza niliiacha ining'inie chini ya chasisi. Kabla ya kufika Modogashe, njiani kwenda Wajir, ikagonga jiwe, mabomba mawili yakabonyea, na mteja akarudi nayo. Nilimtengenezea nyingine bila malipo. Sasa napandisha mabomba juu ya chasisi, nayaweka mbali na waya za stata na bomba la breki, na mbali na nyasi kavu, maana zikinasa pale chini zinashika moto.

Vijana huniomba heda kwa ajili ya mngurumo. Nawaambia ukweli: kwa 1HZ isiyo na turbo, nguvu inayoongezeka ni kidogo. Faida ninayoiona ni gari linalopumua vizuri likiwa na mzigo mchangani.

Nawe uliyefungiwa heda, baada ya safari ya kwanza acha injini ipoe, kisha rudi kwa fundi akaze nati upya. Ukiona masizi meusi kwenye ukingo wa gasketi, moshi unavuja. Usingoje ufike Wajir.