Chaja ya Jirani

Miaka ile Nokia ilipotawala, mgeni akishapokewa mzigo na kupewa maji ya kunywa, swali lake la kwanza lilikuwa kama nyumba ina chaja ya pini nyembamba. Jibu likiwa "tunayo ya pini nene tu", mtaa mzima uliingia kazini. Mtoto alitumwa nyumba ya tatu, akikosa huko alipelekwa dukani, na mwisho wa yote betri ilichomolewa na kubanwa kwenye kobe, ile chaja yenye vijitaa vya rangi. Na simu zote hizo zilikuwa za kampuni moja! Pini nene ilikuwa ya milimita 3.5, nyembamba milimita 2. Milimita moja na nusu ilitosha kumzuia jirani mwenye nia njema asisaidie.

Siku hizi mgeni anaomba "Type-C" na anapewa hapohapo alipokaa. Ukarimu wetu haujaongezeka. Tulikuwa wakarimu tangu zamani. Kilichoongezeka ni makubaliano, tena yaliyofanywa mbali na hapa, na watu ambao hawakuwa wakitufikiria sisi.

Mwaka 2009 Tume ya Ulaya iliwaita watengenezaji wa simu wakubaliane kwa hiari kutumia tundu la micro-USB. Wakati huo Ulaya ilikuwa na aina zipatazo 30 za chaja. Makubaliano yale yakazishusha hadi tatu. Apple nao walitia sahihi, lakini mapatano yaliruhusu adapta, kwa hiyo wakabaki na tundu lao, na mwaka 2012 wakaleta jingine jipya, Lightning. Hiari humfunga yule ambaye tayari alitaka kufungwa. Ilibidi ije sheria. Oktoba 2022 Bunge la Ulaya lilipiga kura, wabunge 602 wakikubali na 13 wakikataa: kuanzia tarehe 28 Desemba 2024 simu, tableti, kamera, vipaza sauti vya kubeba na vifaa vingine vidogo vipya vinavyouzwa huko viwe na tundu la USB-C, yaani hiyo Type-C. Kompyuta mpakato zilipewa hadi tarehe 28 Aprili 2026. Saudi Arabia nayo imeshika njia hiyohiyo. Na iPhone 15 ilipotoka Septemba 2023 ikiwa na USB-C, ilitoka hivyo kwa dunia nzima, si kwa Wazungu peke yao.

Apple walikuwa na hoja, na mimi siidharau. Walisema sheria ya tundu moja itazuia ubunifu. Tujiulize: kama tundu la mwaka 2009 lingefungwa kwa sheria siku ileile, leo tungekuwa bado na micro-USB, kitu kinacholegea mapema na chenye upande mmoja tu wa kuingilia, ukikosea gizani unakiharibu. Type-C ilikamilika mwaka 2014. Kuchelewa kule kulituletea kilicho bora zaidi. Hata hivyo siwezi kuusifu ucheleweshaji wenyewe, maana kwa makadirio ya Tume chaja zinazotupwa na zisizotumika zilikuwa zikiacha takataka za tani 11,000 kila mwaka, Ulaya peke yake. Subira ya kuchagua ni nzuri. Baada ya kuchagua, anayeendelea kuomba muda anaomba wengine waendelee kulipa.

Lakini kinachonigusa zaidi katika Type-C hakionekani kwa macho. Chukua chaja ya kompyuta yenye uwezo wa wati 100, uichomeke kwenye simu ndogo. Haiimwagii umeme wote ilionao. Inaanza na volti 5, kiasi kisichomdhuru yeyote, kisha inatangaza kile inachoweza kutoa: volti 9, 15, 20. Simu inachagua inachomudu na kukiomba. Chaja inakubali, ndipo inapandisha. Mazungumzo hayo yote yanakwisha kabla hujaiweka simu mezani, na ndiyo yanayowezesha chaja moja kuhudumia kompyuta na spika za masikioni bila kuunguza chochote.

Marehemu mjomba wangu alikuwa mtoaji wa namna hiyo. Mtoto wa ukoo akikwama ada, mjomba alimketisha, akamwambia alichonacho, akamuuliza anahitaji kiasi gani na kwa ajili ya nini, kisha akatoa hicho. Wako waliomwona mgumu kwa sababu aliuliza kwanza. Mimi nimeishi vya kutosha kuona misaada iliyomwagwa bila kuuliza: mtaji mkubwa kwa mtu asiyekuwa tayari, biashara ikafa, na undugu ukafa nao. Wenye uwezo wengi hatuna tatizo la kutoa. Tunachokosa ni ile subira ya kutangaza kisha kunyamaza, tumwache anayepokea ataje kipimo chake.

Sasa, kati ya wawili wanaoelewana hupita waya, na waya unaweza kuwadanganya wote wawili. Mhandisi wa Google, Benson Leung, alianza mwaka 2015 kupima nyaya za USB-C zinazouzwa mtandaoni, moja baada ya nyingine, na kuwaeleza watu alichokikuta. Februari 2016 waya mmoja uliounganishwa vibaya ndani uliiua kompyuta yake pamoja na vifaa vya kupimia. Kwa nje ulikuwa waya kama nyingine. Pini nene ya Nokia ilikukatalia waziwazi. Type-C inaingia kila mahali, nzima na mbovu. Ipo ya wati 60, ipo ya wati 240 yenye kijichipu ndani, na ipo inayochaji tu bila kuhamisha picha. Vichwa vyote ni sawa, na mwanafunzi analaumu kompyuta inayochaji kwa kusuasua ilhali mwenye kosa ni waya.

Sheria ile ya Ulaya inadai boksi lieleze kama lina chaja ndani, na kifaa kinahitaji wati ngapi. Kwetu ningependa Shirika la Viwango Tanzania na lenzake la Kenya waushike waya wenyewe. Mama anayechagua kwenye meza ya Kariakoo au Barabara ya Luthuli, Nairobi, hana kipimo wala muda wa kupima. Anahitaji mambo mawili yaliyochapwa kwenye waya kwa Kiswahili, bila kufutika: unabeba wati ngapi, na kama unapitisha data.