Zamu Yako

Mwanetu alikuwa na miaka 17 alipoumia, mwaka 2019. Aliruka kupiga mpira kwa kichwa, akagongana na mwenzake, akaangukia shingo. Wenzake walimbeba mikono na miguu, wakampakia garini. Walifanya hivyo kwa upendo. Hakuna aliyejua kwamba aliyeumia shingo hasogezwi ovyo, bali kichwa chake hushikwa kisitikisike mpaka wenye ujuzi wafike. Sisi nasi hatukujua.

Tangu kifuani kwenda chini hana hisia. Usiku tunamgeuza kila baada ya saa mbili, baba na mama kwa zamu, asipate vidonda. Asubuhi tunamkagua visigino, nyonga na makalio. Mahali palipobadilika rangi au penye joto ni onyo.

Lakini kilichotuelemea zaidi ni lawama. Baba alijilaumu kwa kumnunulia viatu vya mpira. Mama alimlaumu baba kimoyomoyo. Mwaka mzima tuliishi chumba kimoja na neno letu lilikuwa, "Zamu yako."

Siku moja yule kijana aliyegongana naye alikuja, akasimama mlangoni akilia. Mwanetu akamwambia, "Ingia, kaka. Sote tuliufuata mpira mmoja."

Tulitazamana kwa aibu. Usiku ule tuliomba pamoja, tukamgeuza pamoja.

Akina mama wenzetu, mnaomwuguza mtu kama huyu, msiangalie mwili wake tu. Angalieni na mioyo yenu. Nayo ikilala upande mmoja mno, huota vidonda.