Mahubiri ya Dominika yafika Jumatano?

Tuulizane neno moja bila kuoneana haya. Dominika iliyopita tulikuwa kanisani. Tulisikia Injili, tukaketi, Padri akatuhubiria. Leo ni Jumatano. Je, Padri alisema nini? Wachache watajibu vizuri. Wengi watasema, «Alisema vema kabisa.» Lakini ukiwauliza vema gani, watacheka tu na kushika njia.

Sisi wa upande wa Miti tunakaa kwenye njia panda. Barabara itokayo Bukavu inagawanyika kwetu: moja yaenda Kavumu na Katana, nyingine yapanda kuelekea Tshivanga na mlima Kahuzi, na kuendelea hata Bunyakiri. Watu wa njia panda husikia maneno mengi. Wenye malori wana yao, wauzao sokoni wana yao, na simu haichoki kusema usiku na mchana. Katikati ya kelele hizo, neno la Dominika ni kama mbegu iliyoanguka barabarani. Bwana wetu Yesu Kristu ametuambia habari ya mbegu ya namna hiyo: ndege huja wakaila. Tusidhani ndege hao wako mbali.

Wazee husema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Mama auzaye maharagi ana kidaftari cha madeni yake. Je, mali ya roho tu ndiyo ikae bila daftari? Ndiyo maana leo tunataka kusema juu ya desturi moja ya kale, yaani kusoma nyumbani mahubiri na sala za Kanisa.

KANISA LILIFANYA HIVI TANGU KALE

Wengine hudhani mahubiri ni ya kusikiwa mara moja tu, kama ngoma ya arusi. Sivyo. Mtakatifu Augustino alikuwa Askofu wa Hippo, katika bara letu la Afrika, nchi iitwayo leo Algeria. Alipohubiri, walikuwapo waandishi wenye mwandiko wa haraka, wakayaandika maneno yake yalipokuwa yakitoka kinywani. Kwa kazi ya mikono yao, mahubiri yake zaidi ya 500 yamefika hata kwetu. Tena mwaka 1990 mtaalamu mmoja Mfaransa, François Dolbeau, alitambua mahubiri mengine 26 ya Augustino katika kitabu cha kale kilichokuwa kimetunzwa mjini Mainz, Ujerumani. Fikirini: maneno yaliyosemwa Afrika yalilala kimya karne nyingi, kisha yakaamka na kusomwa tena. Kama yasingeandikwa, yangezikwa pamoja na wale waliosikia.

Baada yake alikuwako Mtakatifu Caesarius, Askofu wa Arles, katika nchi ya Ufaransa ya leo. Yeye aliona vijiji vingi havina mhubiri wa kutosha. Basi akakusanya mahubiri, mengine yake na mengine ya Mababa waliomtangulia, akayatuma huku na huku yapate kusomwa. Mwaka 529 Maaskofu walikutana Vaison, naye Caesarius akiwa mkuu wao, wakaamuru hivi: Padri akiwa mgonjwa asiweze kuhubiri, Mashemasi wasome mahubiri ya Mababa Watakatifu mbele ya watu. Hawakusema watu warudi nyumbani na njaa.

Jambo hili latugusa sisi. Parokia zetu zina vilima vingi, na Padri ana miguu miwili tu. Katika mashirika yetu zipo Dominika ambazo katekista ndiye anayewaongoza watu katika sala. Wakristu wengine hunung'unika, «Leo hakuna Padri, basi hakuna neno.» Kumbe neno lipo! Misa Takatifu haina mbadala, wala kitabu hakiwezi kutuletea Ekaristi. Lakini mahubiri mema yaliyosomwa polepole na katekista aliyejitayarisha ni chakula cha kweli, nalo Kanisa limekijua chakula hicho tangu zamani.

«SALA YA KITABU SI SALA YA MOYO»

Hapo twasikia mtu akisema: «Mahubiri sawa. Lakini kwa nini nisome sala iliyotungwa na mwingine? Mungu anataka moyo wangu, hataki karatasi.» Neno hili lina ukweli ndani yake, lakini ukweli wenyewe ni nusu. Ni kweli, atakayesoma kwa midomo tu kama kasuku hajasali. Lakini je, mtoto hujifunza kusema kwa njia gani? Hutwaa maneno ya mama yake. Siku za kwanza hayajui maana yake, baadaye yanakuwa yake, na mwisho anayatumia kusema mambo ambayo mama hakuyasema. Mitume walipomwomba Bwana awafundishe kusali, hakuwaambia, «Semeni lolote lijalo.» Aliwapa maneno, nasi twayatumia hata leo. Naye mwenyewe msalabani alimlilia Baba kwa maneno ya Zaburi, sala iliyotungwa kabla ya kuzaliwa kwake Bethlehemu.

Turudi kwa Augustino. Mwaka 430 alilala mgonjwa mjini Hippo. Adui waitwao Wavandali walikuwa wameuzunguka mji kwa vita. Rafiki yake Posidio aliandika jinsi alivyokufa. Augustino, mtu aliyeandika vitabu vingi kuliko tuwezavyo kusoma, aliomba aandikiwe Zaburi za toba na kubandikwa ukutani mbele ya kitanda chake. Akalala akizisoma, akilia. Hakutafuta sala mpya ya kuonyesha ufundi wake. Alishika maneno ya Daudi kama mtoto ashikavyo nguo ya mama yake.

Sisi twaelewa jambo hilo. Mwezi wa Februari 2025 vita vilifika Kavumu na Bukavu, na sisi wa Miti tuko njiani. Siku za namna hiyo maneno humwisha mtu. Baba wa nyumba, aliye hodari wa kusema mbele ya wazee, hukaa kimya. Ukimwambia, «Baba, tuombee,» hawezi. Hapo ndipo Zaburi na Rozari Takatifu huonyesha kazi yao. Mtu aliyezizoea siku za amani huzikuta mdomoni siku ya hofu. Asiyezizoea atazitafuta wapi usiku, taa imezimwa na watoto wanatetemeka? Ghala hujazwa wakati wa mavuno, si wakati wa njaa.

MANENO YALIYOLIPIWA

Tena sisi wa Jimbo Kuu la Bukavu tuna deni la pekee. Tumepewa wachungaji ambao maneno yao yalilipiwa.

Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, mtoto wa nchi hii, mtawa wa Shirika la Yesu, alituongoza katika miaka ya taabu. Mwaka 1994 wakimbizi wengi sana kutoka Rwanda waliingia Kivu. Yeye hakunyamaza. Aliwatetea wanyonge, wenyeji na wageni, akakataa vita na chuki, akawaandikia wakubwa wa dunia. Tarehe 29 Oktoba 1996 aliuawa Bukavu.

Akafuata Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko. Kwa Noeli ya mwaka 1999 aliwaandikia waamini barua, akitwaa neno la nabii Isaya juu ya kuwafariji watu wa Mungu. Alisema wazi juu ya vita na juu ya mali ya nchi inayoporwa, lakini aliwataka pia Wakristu wageuze mioyo yao wenyewe. Mwezi wa Februari 2000 wenye silaha waliokuwa wakitawala walimzuia asirudi Bukavu, wakampeleka Butembo. Alikaa huko miezi saba. Alirudi kwa watu wake mwezi wa Septemba, na tarehe 4 Oktoba ya mwaka uleule akafariki Roma.

Sasa tufikiri. Aliyemwua Munzihirwa alitaka kinywa kile kinyamaze. Waliomfukuza Kataliko waliiogopa barua. Je, maneno hayo yakikaa kabatini bila kusomwa, nani ameshinda? Kijana aliyezaliwa baada ya mwaka 2000 hakumsikia hata mmoja wao. Kwake yeye watabaki majina tu, yaani jina la shule au picha ukutani, tusipomsomea. Ndiyo sababu twasema kusoma mahubiri si kazi ya wazee wasio na kazi. Ni kupokea urithi.

Tazameni pia jinsi kitabu kinavyozaa. Mwaka 1521 askari mmoja wa Uhispania, Ignasi wa Loyola, alivunjwa mguu vitani. Alipolala kitandani aliomba vitabu vya hadithi za mashujaa. Havikuwapo. Akapewa maisha ya Kristu na maisha ya Watakatifu. Alisoma kwa kukosa kingine, naye akageuka. Kwa mkono wake ilizaliwa Shirika la Yesu, na katika Shirika hilo Munzihirwa aliingia mwaka 1963. Toka kitanda cha mgonjwa mmoja hata damu ya Bukavu kuna njia moja, nayo ilianza kwa kusoma.

TUJIHADHARI

Dawa njema yaweza kunywewa vibaya. Tujihadhari na magonjwa matatu.

La kwanza ni kumsomea jirani. Mtu anafika mahali panaposema juu ya ulevi, anasema moyoni, «Hili lingemfaa fulani!» Huyo amefungua barua ya mwenziwe, yake ameiacha chini.

La pili ni kusoma kwa kujivuna. Anataka watu wajue kwamba yeye amesoma. Heri mama asiyejua herufi, anayesikiliza mtoto akimsomea mstari mmoja na kuushika siku nzima.

La tatu ni kupokea lolote. Siku hizi simu hutuletea sala za kila namna. Nyingine husema, «Itume kwa watu kumi, utapata fedha, usipoituma, utapata msiba.» Hiyo si sala, ni uchawi uliovaa nguo ya Dominika. Mungu, ambaye wazee wetu wa Kishi walimwita Nyamuzinda, hatishwi wala hanunuliwi. Tuangalie nani ameandika, na kama kitabu kina ruhusa ya Askofu. Tukiwa na shaka, tumwulize Padri au katekista.

TUFANYEJE?

Hatuna haja ya vitabu vingi. Mtawa mmoja wa kale, jina lake Guigo, alifundisha kwamba kusoma kuna ngazi ya vipandio vinne: kusoma, kutafakari, kusali, na kumtazama Mungu kwa utulivu. Nasi twaweza kuipanda nyumbani kwetu.

Kwanza, tuchague saa moja isiyobadilika, kwa mfano baada ya chakula cha jioni, kabla watoto hawajasinzia. Dakika kumi zatosha.

Pili, tusome kidogo na kwa sauti. Mtoto wa shule asome, wazee wasikilize. Kama neno ni gumu kwa Kiswahili au Kifaransa, mzee alieleze kwa Mashi. Hivyo mtoto atapata imani ya mzee, na mzee atapata macho ya mtoto.

Tatu, tunyamaze kidogo. Kila mmoja achague neno moja tu la kwenda nalo kesho shambani.

Nne, tumalize kwa sala ya Kanisa, kisha kila mtu aongeze neno lake mwenyewe: kwa mgonjwa, kwa aliye safarini, kwa adui yetu pia.

Tano, tuwe na kidaftari. Dominika tukirudi kanisani, tuandike neno moja la mahubiri. Mwisho wa mwaka tutakuwa na maneno 52. Haba na haba hujaza kibaba.

Na neno lililosomwa litendwe. Ukisoma juu ya msamaha, usilale kabla ya kumsalimu yule mliyegombana naye kwa mpaka wa shamba. Kama hukumsalimu, ujue bado hujalimaliza somo lile. Lisome tena kesho.

Ndugu wapenzi, redio hunyamaza, simu hukosa moto, barabara huweza kufungwa. Lakini ukurasa mmoja wenye neno la Mungu na la Watakatifu wake hukaa nyumbani kama mgeni mwenye subira, akingoja tumwulize habari. Tumwulize jioni hii. Bikira Maria, aliyeyaweka mambo yote na kuyafikiri moyoni mwake, atuombee tuwe wasikivu kama yeye.